Makisio ya Septemba yako wapi?

Miaka michache iliyopita, siku moja ya mwezi Machi, mkuu wa kitengo cha bajeti katika kampuni ninayofanyia kazi hapa Dar es Salaam alikuja mezani kwangu na swali ambalo sote wawili tulidhani litajibiwa kwa dakika mbili. "Mdogo wangu," aliniambia, "mwezi wa tisa tulisema mafuta ya magari yatatugharimu kiasi gani hadi Juni?" Nilifungua ripoti, nikamsomea namba. Alitikisa kichwa. "Hiyo ndiyo namba tunayoisema leo. Nataka ile tuliyoisema mwezi wa tisa, kwa sababu bodi inauliza ni lini tulianza kujua kwamba tutavuka bajeti."

"Dada, hiyo sina," nilimjibu.

Makisio yalikuwa yakisahihishwa kila mwezi ndani ya mfumo wa mipango, na kila sahihisho liliandikwa juu ya lile lililotangulia. Ghala letu la data, ambalo lilijengwa mahsusi ili litunze kumbukumbu, lilikuwa likizipokea namba hizo kila usiku na kufanya vilevile: kufuta za jana na kuweka za leo. Mimi ndiye niliyeijenga njia ile ya kuzihamisha. Ilifanya kazi kila usiku bila kukatika, na kila usiku ilitupa kitu ambacho hatukukitambua thamani yake mpaka kilipoulizwa. Tangu siku hiyo nimeijenga upya karibu yote, na makala hii ni maelezo ya niliyojifunza, kwa ajili ya mhandisi wa data au mhasibu yeyote ambaye amepewa kazi ya kuunganisha mfumo wa mipango ulioko kwenye wingu, yaani unaotumika kupitia mtandao, na ghala la data.

Nianze na hali ilivyo kwetu. Kampuni ina matawi Tanzania, Kenya na Uganda. Bajeti na makisio huandaliwa katika huduma ya mipango ya Oracle inayotumika kupitia kivinjari. Ghala la data liko kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Na kazi ya kuchukua, kugeuza na kupakia data (kwa kifupi cha Kiingereza, ETL) hufanywa na Pentaho Data Integration, ile ambayo wengi bado wanaiita Kettle. Tuliichagua Pentaho kwa sababu hatua zake huonekana kama mchoro, na mhasibu asiyejua kuandika programu anaweza kukaa pembeni yangu akafuata kwa kidole namba yake inapotoka na inapokwenda. Zana nyingine zingefaa pia. Katika miaka hii yote sijawahi kukutana na tatizo ambalo lingetatuliwa kwa kubadilisha zana peke yake. Karibu kila tatizo lilitokana na kutoelewa ni aina gani ya data tunayoihamisha.

Ili kuielewa, inasaidia kujua ilikotoka. Chini ya huduma hiyo ya mipango kuna injini inayoitwa Essbase, ambayo ilitolewa na kampuni ya Arbor Software mwaka 1992, na jina lake ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya hifadhidata iliyopanuliwa kutoka kwenye lahajedwali. Arbor iliungana na Hyperion mwaka 1998, Oracle ikainunua Hyperion mwaka 2007 kwa takriban dola bilioni 3.3, na mwaka 2014 ikaanza kuitoa sehemu ya mipango na bajeti kama huduma ya wingu. Nasaba hiyo ina maana kwa anayehamisha data, kwa sababu Essbase haihifadhi namba katika majedwali yenye safu mlalo kama hifadhidata za kawaida. Huhifadhi katika mchemraba: kila namba ina anwani inayoundwa na akaunti, kituo cha gharama, mwezi, mwaka, hali (bajeti, makisio au matumizi halisi), toleo, na dimensheni nyingine, yaani pande nyingine za anwani hiyo, ambazo kampuni imeziongeza yenyewe.

Mchemraba huo ni mkubwa mno ukiuhesabu, na mtupu mno ukiutazama ndani. Chukua akaunti 500, vituo 200, bidhaa 100 na miezi 12: tayari una visanduku 120,000,000 kwa hali moja na mwaka mmoja. Karibu vyote vitakuwa tupu, kwa sababu tawi la Mwanza halinunui kila bidhaa na ofisi ya Kampala haina kila akaunti. Injini imeundwa kuhifadhi vile vilivyojazwa na kuviacha vingine kana kwamba havipo. Hekima hiyo ndiyo iliyoipa umaarufu, na ndiyo iliyonitia kwenye kosa langu baya kuliko yote, ambalo nitalieleza baada ya kutaja lile la kwanza.

Kosa la kwanza lilikuwa la jumla. Katika mfumo wa mipango, mtumiaji huona mti: vituo vya Dar es Salaam vinajumlishwa kuwa Kanda ya Mashariki, kanda zinajumlishwa kuwa Tanzania, nchi zinajumlishwa kuwa kampuni nzima. Nilipotoa data mara ya kwanza nilitoa kila kitu nilichokiona, pamoja na jumla zote, kisha ripoti ya ghala ikajumlisha jumla juu ya sehemu zake, na gharama za mishahara zikatokea mara nne ya ukweli. Kosa hili hugunduliwa mapema kwa sababu namba inapiga kelele yenyewe. Dawa yake ni kutoa namba za ngazi ya chini kabisa tu, kuuchukua mti wenyewe kama faili tofauti, na kuliachia ghala kazi ya kujumlisha. Lipo jambo moja la kuangalia hapo: baadhi ya akaunti za mipango, kama vile bei ya wastani au asilimia ya faida, hazijumlishwi bali hukokotolewa upya katika kila ngazi, kwa hiyo kanuni zake inabidi ziandikwe upya ndani ya ghala, na mhasibu anayezijua lazima awepo siku hiyo.

Sasa kosa baya. Faili linalotolewa na huduma hii ni CSV (faili la maandishi ambalo thamani hutenganishwa kwa mikato) ambalo miezi imepangwa kwa upana, kila mwezi na safu wima yake, huku nyingi ya dimensheni zilizobaki zikiwa zimerundikwa ndani ya safu wima moja iliyotenganishwa kwa mikato. Zana ya ETL inazipasua hizo, inaigeuza miezi kutoka upana kwenda urefu ili kila mwezi upate safu mlalo yake, kisha inapakia. Mimi nilipakia kwa utaratibu unaozoeleka sana katika kazi yetu: anwani ikiwepo tayari kwenye ghala, badilisha namba yake, isipokuwepo, iongeze. Kwa miamala ya leja, yaani daftari kuu la hesabu, utaratibu huo hauna ubaya. Kwa mipango ni hatari, kwa sababu mpangaji anaweza kufuta namba. Meneja wa tawi anaamua kwamba hatanunua jenereta mwaka huu, anafuta kiasi alichokuwa ameweka, na anwani ile inarudi kuwa tupu. Usiku huo anwani hiyo haimo tena kwenye faili. Utaratibu wangu, ambao unajua kubadilisha na kuongeza tu, haupati chochote cha kuuambia kwamba jenereta imeondolewa, na kwa hiyo ndani ya ghala jenereta inaendelea kuwepo.

Tuliishi na namba mfu za aina hiyo kwa miezi mitano. Hazikupiga kelele. Ripoti ya ghala ilizidi ile ya mfumo wa mipango kidogo kidogo, na kila mara kulikuwa na maelezo yaliyoonekana kuwa ya kweli: tofauti ya sarafu, tofauti ya muda wa kutoa ripoti, namba za desimali. Kilichotufumbua macho ni mhasibu mmoja wa Mombasa aliyekataa maelezo hayo yote, akakaa siku mbili kulinganisha kituo kimoja mstari kwa mstari, mpaka akaipata gharama ya ukarabati wa paa ambayo yeye mwenyewe aliifuta miezi mitatu nyuma. Bado namshukuru. Tangu hapo sheria yetu ni kwamba upakiaji wa mipango hufanywa kwa fungu zima: tunachagua fungu, kwa mfano makisio ya mwaka huu ya Kenya, na chochote ambacho kipo kwenye ghala lakini hakipo kwenye faili la usiku huo huhesabiwa kuwa kimefutwa.

Lakini sheria hiyo inaleta hatari nyingine iliyo kinyume chake. Faili likifika nusu, ghala litaamini kwamba nusu ya bajeti imefutwa. Hilo si la kufikirika. Kazi ya kutoa data katika huduma ya wingu haimaliziki papo hapo unapoiamuru. Unaituma amri, huduma inakurudishia hali ya kazi, na unapaswa kuendelea kuuliza mpaka hali igeuke. Kwenye API ya Oracle (njia ambayo programu moja huitumia kuzungumza na nyingine), hali ya -1 maana yake kazi inaendelea na 0 maana yake imekamilika vizuri. Skripti yangu ya awali ilituma amri, ikasubiri dakika kumi, kisha ikapakua faili lililokuwepo. Usiku ambao kazi ilichukua dakika kumi na mbili tulipakua faili la jana, na hakuna aliyejua kwa sababu faili la jana nalo ni faili zima lenye namba zinazoaminika. Sasa jina la faili lina tarehe ya siku hiyo ndani yake, skripti inauliza hali mpaka ipate jibu, na kabla ya kupakia, zana inalinganisha idadi ya safu mlalo na jumla ya kila nchi na zile za usiku uliopita. Tofauti ikivuka kiwango ambacho kitengo cha bajeti chenyewe kimekiweka, upakiaji unasimama na mtu anapigiwa simu asubuhi.

Kuhusu saa, kuna jambo ambalo sijaliona likiandikwa popote, nami nadhani linatuhusu sisi hasa. Kila mazingira ya huduma hii hufungwa kwa muda usiozidi saa moja kila siku kwa ajili ya matengenezo na nakala ya akiba, na msimamizi ndiye anayechagua wakati. Sisi tulichagua usiku wa manane, na upakiaji ukapangwa uanze saa nane usiku, baada ya matengenezo kwisha. Katika hati ya kazi tukaandika kwa ufupi "saa 8". Aliyesanidi ratiba akaweka 08:00, kwa nia njema kabisa, na kwa wiki mbili data ikatolewa asubuhi, wakati wapangaji wa Nairobi wameshaanza kuandika, hivyo fungu moja likawa na namba za kabla ya marekebisho na jingine za baada yake. Seva ya ratiba nayo ilikuwa ikitumia saa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo hata masahihisho ya kwanza hayakuwa sahihi. Leo kila hati yetu inataja wakati kwa namna zote mbili: saa nane usiku, 23:00 UTC.

Mwaka wa fedha nao ulitusumbua kuliko nilivyotarajia. Serikali za Tanzania, Kenya na Uganda zote huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai, na kampuni yetu imefuata kalenda hiyo kwa kuwa wateja wetu wengi ni taasisi za umma. Ndani ya mfumo wa mipango, mwaka hutajwa kwa lebo, na lebo yetu hufuata mwaka ambao kipindi kinaishia. Julai ya FY25 kwa hiyo ni Julai 2024, ilhali Januari ya FY25 ni Januari 2025. Upande wa leja, miamala ina tarehe za kalenda. Na wenzetu wa tawi moja walikuwa na mazoea ya miaka mingi ya kuuita mwaka kwa jina la pale unapoanzia, mazoea ambayo hayana kosa lolote, ila yaliingia kwenye lahajedwali walizotumia kupakia bajeti yao. Matokeo yake, kwa robo nzima ya mwaka tulilinganisha matumizi yao na bajeti ya mwaka mwingine. Tarehe isiachwe ikisafiri kama lebo. Mara tu faili linapoingia kwenye zana ya ETL, mwezi na mwaka hugeuzwa kuwa tarehe kamili ya mwanzo wa mwezi kwa kutumia jedwali moja la kalenda, na jedwali hilo linamilikiwa na idara ya fedha; sisi tunalisoma tu.

Sarafu nitaipitia kwa haraka, ingawa ina kina chake. Mpango hufanywa kwa kiwango cha ubadilishaji kilichokubaliwa wakati wa bajeti na kikawekwa mwaka mzima. Matumizi halisi hubadilishwa kwa kiwango cha siku au cha mwisho wa mwezi. Ukihamisha namba za mpango zikiwa tayari zimegeuzwa kuwa dola, hutaweza tena kutenganisha meneja aliyetumia kupita kiasi na shilingi iliyoshuka. Tunahamisha namba katika sarafu ya nchi husika, pamoja na jedwali la viwango vya bajeti, na ripoti ndiyo inayochagua kiwango cha kutumia.

Kisha kuna mishahara. Mpango wa rasilimali watu huandaliwa mtu kwa mtu: jina, cheo, mshahara, tarehe ya kuajiriwa. Ndani ya mfumo wa mipango ni watu wachache wanaoruhusiwa kuviona visanduku hivyo, lakini akaunti ya kiufundi inayotoa data huwa na ruhusa pana, na ghala huwa na wasomaji wengi. Kwa maneno mengine, ulinzi wote uliowekwa upande mmoja hauvuki pamoja na faili. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hata kama sheria hizo zisingekuwepo, sioni sababu ya mchambuzi wa mauzo kujua mshahara wa mlinzi wa getini. Tunajumlisha gharama za watu kwa kituo na akaunti ndani ya mfumo wa mipango kabla ya kutoa chochote, hivyo jina la mfanyakazi halitoki kabisa. Niliwahi kuambiwa kwamba ingekuwa rahisi kulificha baadaye, ndani ya ghala. Nilikataa na bado nakataa: faili la kati hukaa kwenye diski ya seva, kwenye nakala za akiba, wakati mwingine kwenye kompyuta ya aliyekuwa akitafuta hitilafu.

Nirudi kwenye swali la Dada. Muamala wa leja ukishaingizwa hauguswi. Ukiwa na kosa, unasahihishwa kwa muamala mwingine, na yote mawili hubaki. Makisio ni kauli ya mtu kuhusu siku zijazo, na kauli hubadilika. Ndiyo maana kila namba ya mpango katika ghala letu sasa ina tarehe mbili za ziada mbali na mwezi inaouhusu: siku tulipoanza kuisema na siku tulipoacha kuisema. Kila usiku zana inalinganisha faili jipya na namba zilizo hai. Isiyobadilika haiguswi. Iliyobadilika hufungwa kwa tarehe ya leo, na mpya hufunguliwa. Iliyotoweka kwenye faili hufungwa tu, na hivyo jenereta iliyoahirishwa huonekana ilivyokuwa: ilipangwa, ikadumu wiki sita, ikaondolewa. Utaratibu huo huo tumeutumia kwa mti wa vituo, kwa sababu kituo cha Dodoma kilipohamishwa kutoka kanda moja kwenda nyingine katikati ya mwaka, historia yake yote ilihama nacho, na wakuu wawili wa kanda wakajikuta wanaulizwa kuhusu bajeti ambazo si zao.

Nilijaribu kwanza njia rahisi zaidi, ya kunakili fungu lote kila usiku na kulipa tarehe. Kwa safu mlalo 40,000 za usiku mmoja, mwaka mzima hufikia milioni 14.6, idadi ambayo PostgreSQL huimudu bila shida. Kilichonifanya niiache ni kwamba karibu zote zilikuwa marudio, na swali la "ni lini namba hii ilibadilika" lilihitaji kupekua siku zote 365. Kwa tarehe mbili swali hilo ni mstari mmoja. Anayeanza leo na data kidogo anaweza kuchukua njia ya kwanza bila hofu. Ubaya ni kutochukua yoyote.

Wapangaji wenyewe nao wamebadilisha taratibu zao. Kila mwezi unapofungwa, wanayanakili makisio kwenye toleo lenye jina la mwezi huo ndani ya mfumo wa mipango, ili kauli rasmi iliyopelekwa kwa wakurugenzi isichanganywe na rasimu za katikati ya mwezi. Ghala huyapokea yote, rasimu na rasmi, na alama ya kuyatofautisha.

Juni iliyofuata Dada aliuliza tena swali la aina ile ile, safari hii kuhusu vipuri vya magari, na nilimpa mfululizo wote tangu siku ya kwanza: kiasi kilichokisiwa, siku kilipopanda, tawi lililokipandisha. Alikaa akausoma kimya kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama naweza kumpa na ya mafuta, ya ule mwezi wa tisa. Nakala za akiba za wakati ule zilikuwa zimekwisha kufutwa, lahajedwali zilizobaki kwa wahasibu hazikukubaliana, na jedwali letu la historia linaanza tarehe 18 Machi.